Maisha ya Dadabhai Naoroji, Mparsi wa Bombay

Kila ifikapo sikukuu ya Epifania tunasoma kanisani habari za mamajusi waliotoka mashariki kumtafuta mtoto. Wasomaji wengi hudhani ya kuwa neno hili ni la Biblia tu, na ya kuwa watu wa namna hiyo hawakuonekana tena duniani baada ya kurudi kwao kwa njia nyingine. Lakini majusi ni jina la zamani la makuhani wa Uajemi, nchi ya mfalme Koreshi tunayoisoma katika kitabu cha Ezra. Na dini ya kale ya nchi ile, iliyofundishwa na nabii wao Zarathustra, haijafa mpaka leo. Wale waliohamia Bara Hindi huitwa Waparsi, maana yake watu wa Uajemi. Mwezi huu tumekusudia kusimulia maisha ya mmoja wao, Dadabhai Naoroji, mwana wa kuhani, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo sharika zetu nazo hukutana nalo: wazee wakiwaacha vijana wao kusoma na kufanya kazi kati ya watu wa dini nyingine, je, watawapoteza?

Yatupasa kwanza kueleza kidogo imani ya Waparsi, maana bila hiyo hatutamfahamu mtu huyu. Waparsi husadiki Mungu mmoja, Ahura Mazda, yaani Bwana mwenye hekima, muumba wa vitu vyote vyema. Kinyume chake yuko Angra Mainyu, roho ya uharibifu. Na maisha ya kila mtu ni vita kati ya kweli na uongo, ambayo mtu huchagua mwenyewe upande wake. Baada ya kufa roho hufika kwenye daraja, na huko matendo yake hupimwa. Amri yao kubwa ni mambo matatu: mawazo mema, maneno mema na matendo mema. Kitabu chao huitwa Avesta, na ndani yake zimo nyimbo 17 ziitwazo Gatha, ambazo wataalamu wengi husema ni za Zarathustra mwenyewe. Mtoto akipata umri wa kufahamu huvikwa shati jeupe la pamba na mshipi wa sufu uliofumwa kwa nyuzi 72, mbele ya makuhani na jamaa zake, naye tangu siku hiyo huhesabiwa kuwa mtu wa dini, mfano wa kipaimara kwetu.

Watu wengi wamewaita waabudu moto, jina ambalo wao hulikataa kabisa. Moto huwaka daima katika nyumba zao za ibada, nao huuelekea wanaposali, kwa kuwa nuru kwao ni alama ya Mungu. Lakini anayeombwa si moto. Tena huhesabu ardhi, maji na moto kuwa vitu safi visivyofaa kutiwa uchafu wa mauti, na kwa sababu hiyo hawakuzika wala hawakuchoma maiti zao. Huko Bombay walijenga juu ya kilima minara ya mawe iliyo wazi juu, wakaweka maiti humo ili waliwe na tai. Msomaji asishtuke upesi. Katika mnara ule tajiri na maskini hulazwa namna moja, jambo ambalo hatuwezi kulisema juu ya makaburi ya Wakristo wote.

Waliingiaje Bara Hindi? Waarabu walipoishinda Uajemi katika karne ya saba, wenyeji wengi waliingia katika Uislamu kidogo kidogo, na baadhi ya wale waliokataa wakapanda merikebu, hata wakatua Sanjan katika pwani ya Gujarat. Masimulizi yao husema ya kuwa mfalme wa Kihindu wa mahali pale aliwapokea kwa masharti: wamweleze dini yao, waseme lugha ya nchi, wanawake wao wavae mavazi ya nchi, waweke silaha zao chini, na arusi zao zifanywe jioni. Husimulia pia ya kuwa mfalme aliwaletea chombo kilichojaa maziwa hata ukingoni, kuonyesha kwamba nchi yake haina nafasi tena, na kuhani wao akatia sukari ndani yake, maziwa yasimwagike bali yakawa matamu. Ikiwa ni historia au ni hadithi, mtoto wa Kiparsi hukua nayo. Wakawa kweli watu wa Gujarat kwa lugha na kwa mavazi. Lakini kwa desturi yao hawakuoana na wengine, wala hawakupokea mtu wa nje katika dini yao. Ndiyo maana ni wachache. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 iliwaona 57,264 tu katika nchi nzima ya India. Hata Unguja walikuwako, wakajenga nyumba yao ya moto huko. Na yule mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alikuwa mtoto wa Waparsi.

Sasa tumrudie Dadabhai. Alizaliwa Bombay, mji uitwao leo Mumbai, tarehe 4 Septemba 1825, katika nyumba maskini ya ukoo wa makuhani. Alipokuwa na miaka minne baba yake akafa. Mama yake, Manekbai, hakujua kusoma wala kuandika. Lakini kwa kazi yake mwenyewe, na kwa msaada wa ndugu yake mwanamume, alimlea mtoto huyu kwa uangalifu mwingi. Dadabhai alipokuwa mzee aliandika ya kuwa mama ndiye aliyemfanya kuwa mtu. Kwa desturi ya siku zile alimwoza angali na miaka 11 tu. Mke wake, Gulbai, alikuwa na miaka saba.

Shule aliyosoma haikutoza ada. Jambo hili hakulisahau mpaka kufa kwake, maana alijua kwamba kama pangekuwa na ada, mama yake asingeweza kuilipa. Akawaza zaidi: fedha za shule ile zilitoka wapi? Zilitoka kwa watu wa nchi, wengi wao maskini kuliko yeye; basi alichopewa si mali yake, ni deni. Mwaka 1882 serikali ilipoweka tume ya kuchunguza mambo ya elimu, yeye aliiomba ifungue shule za bure kwa watoto wote wa Bara Hindi.

Siku za ujana wake alipata kitabu cha Kigujarati kilichoeleza wajibu wa Mzoroasta, akakisoma sana. Humo alikuta mambo yale matatu, wazo, neno na tendo, yakielezwa kwa maneno mepesi. Pamoja nacho alisoma kitabu cha Mkristo mmoja wa Uingereza, Isaac Watts, juu ya kuitengeneza akili, nacho kikamfundisha kutotumia maneno mawili pale linapotosha moja. Twapenda kuona vitabu hivi viwili vikikaa pamoja katika sanduku la kijana mmoja.

Hapo ndipo twafika kwenye jambo lililokuwa karibu kuyageuza maisha yake yote. Tangu mwaka 1829 alikuwako Bombay mhubiri wa Kiskoti, John Wilson, mtu mwenye elimu kubwa, ambaye alifungua shule, na vijana wa Kiparsi wakaja kujifunza kwake. Mwaka 1839 wawili kati yao, Dhanjibhai Nauroji na Hormusji Pestonji, walibatizwa. (Huyu Dhanjibhai si ndugu ya Dadabhai, jina Naoroji ni la kawaida kwao.) Mji ukachafuka. Mjomba wa kijana akaenda mahakamani ili arudishiwe mtoto wake, na mahakama ikaamua kwamba kijana aenda apendako. Naye akachagua kukaa na wahubiri. Baadaye alisoma Scotland, akawekewa mikono, akaitumikia Injili katika Bara Hindi mpaka alipokufa mwaka 1908. Sisi tulio Wakristo twaiona habari hiyo kuwa ya furaha, wala hatuoni haya kusema hivyo. Lakini yatupasa kuisikia pia katika nyumba za Waparsi, watu wachache wasio na nchi, waliovuka bahari kwa ajili ya dini yao, wasio na desturi ya kumpokea mtu wa nje kuziba pengo. Kwao mtoto mmoja aliyetoka alikuwa mlango uliobomoka. Wazazi wakawaondoa watoto wao katika shule ya Wilson, na kwa miaka mingi jina la mhubiri lilitia hofu.

Hofu hiyo ndiyo iliyomkuta Dadabhai mwaka 1845. Alikuwa na miaka 20, mwanafunzi bora wa chuo cha Elphinstone, na jaji wa Kiingereza, Erskine Perry, alipendezwa naye sana. Jaji akawaambia wakuu wa Waparsi kwamba yeye atalipa nusu ya gharama ya kumpeleka kijana huyu Uingereza kusomea sheria, kama wao watalipa nusu ya pili. Fedha walikuwa nazo. Matajiri wa Kiparsi wa siku zile walikuwa na merikebu na majumba. Wakakataa. Waliogopa kwamba akienda Ulaya peke yake atarudi Mkristo, au hatarudi.

Wako watakaocheka hofu hii. Sisi hatucheki, maana tumewaona wazee wetu wenyewe, waliokuwa watu wema, wakiwaficha watoto vichakani walimu walipopita kuandikisha majina, na tumewaona pia wazee wa kanisa wakimzuia kijana asiende shule ya mjini kwa sababu wengi wa wanafunzi wake si Wakristo. Hofu ya namna hii hutoka katika upendo. Lakini ilikosea juu ya mtu huyu, kama tutakavyoona, na kwa sababu yake Waparsi walimkosa mwanasheria. Kijana mwenyewe hakulipiza. Alikaa Bombay akawa mwalimu, na katika miaka iliyofuata akawekwa kuwa mwalimu mkuu wa hesabu na elimu ya maumbile katika chuo kile, Mhindi wa kwanza kupewa kazi hiyo.

Akiwa mwalimu kijana aliunda pamoja na rafiki zake chama cha wanafunzi, na mwaka 1849 chama hicho kikafungua shule za wasichana, Waparsi na Wahindu. (Wahindu ndio ambao watu wa pwani yetu wamezoea kuwaita Mabaniani.) Vijana hawa walifundisha bila mshahara, asubuhi mapema, kabla ya kwenda kwenye kazi zao. Dadabhai alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaomba akina baba ruhusa akae barazani tu, awafundishe binti zao kusoma, kuandika na kuhesabu. Baba wengine walimpokea. Wengine walitishia kumtupa chini ya ngazi. Mama yake, asiyejua hata herufi moja, alikuwa upande wake.

Mwaka 1851 ukaja na matata makubwa. Gazeti moja la picha lililotengenezwa na Mparsi lilichapisha habari za Mtume Muhammad pamoja na sura yake, jambo ambalo kwa Waislamu ni chukizo kuu. Mwezi wa Oktoba, baada ya sala ya Ijumaa, umati wa watu uliingia katika mitaa ya Waparsi, wakapiga watu na kuvunja nyumba na maduka, na amani haikurudi upesi. Majirani waliokuwa wakiuziana nguo na mchele juzi, leo walifungiana milango. Dadabhai hakukubali jamaa zake wapigwe, wala hakuona kwamba wakuu wa Waparsi wamewasemea vya kutosha. Mwezi wa Novemba, kwa fedha za tajiri mmoja wa Kiparsi, K. N. Kama, alianzisha gazeti la Kigujarati, akaliita Rast Goftar, yaani msema kweli.

Mwaka ule ule yeye na Naoroji Furdunji, pamoja na wengine, waliunda chama cha kuwaongoza Waparsi warudie dini yao katika usafi wake wa kwanza. Waliona ya kuwa desturi nyingi zilizoingia kwa karne nyingi hazikutoka kwa Zarathustra, na ya kuwa makuhani walisema sala kwa lugha wasiyoifahamu. Wazee wakakasirika. Walimwona Dadabhai kuwa mharibifu wa desturi, yeye waliyekuwa wakimhofia kwamba atakuwa Mkristo; kumbe alikuwa akiichimbua dini yao wenyewe. Mtu aliyesoma habari za Martin Luther hatashangaa sana kwamba waliompinga kwanza walikuwa watu wa nyumbani mwake.

Mwaka 1855 alikwenda Uingereza hatimaye, si kwa kusoma bali kwa biashara, pamoja na watu wa ukoo wa Cama waliofungua huko kampuni ya kwanza ya Wahindi. Yeye alisimamia kazi ya Liverpool. Baada ya miaka mitatu akajitoa, kwa sababu kampuni ilipata faida katika afyuni na vileo, naye hakutaka sehemu katika fedha hizo. Mwaka 1859 alifungua kampuni yake mwenyewe ya pamba. Tena tangu mwaka 1856 alifundisha lugha ya Kigujarati katika chuo cha University College, London.

Katika mwaka 1861, mbele ya wasomi wa Liverpool, alisoma hotuba mbili juu ya desturi na dini ya Waparsi. Tunazihesabu kuwa kati ya mambo makubwa aliyoyatenda, ingawa hazitajwi sana. Wasikilizaji wake walikuwa Wakristo, na ingekuwa rahisi kwake kuipamba dini yake kama mfanyabiashara apambavyo kitambaa kwenye mwanga. Hakufanya hivyo. Aliwaambia wazi ya kuwa makuhani wengi wa Waparsi hawana elimu, ya kuwa mwana wa kuhani huwa kuhani kwa sababu ya baba yake tu, ya kuwa hakuna mahubiri katika lugha ya watu, na ya kuwa watu husali kwa maneno wasiyoyajua maana. Kisha akawaeleza yale aliyoyaona kuwa moyo wa dini: Mungu mmoja asiye na umbo, na wajibu wa mtu kuwaza, kusema na kutenda mema.

Akawasomea pia sehemu ya katekisimo iliyofundishwa kwa watoto wa Kiparsi. Ilikuwa na maswali na majibu kama Katekisimo Ndogo ya Luther tunayoifundisha sisi. Humo mtoto aliulizwa kama yuko mwingine awezaye kumwokoa na dhambi zake, naye alifundishwa kujibu ya kuwa hakuna. Matendo yake ndiyo yatakayomwokoa, pamoja na Mungu mwenyewe, na atendaye dhambi akitumaini kwamba mwingine atamchukulia, amedanganyika. Ni wazi ya kuwa maneno hayo yalitungwa kuwajibu wahubiri. Hapa ndipo imani yetu na yao zinapoachana, wala haifai kulifunika jambo hili kwa maneno laini. Sisi tunasadiki ya kuwa mwingine ametuchukulia. Lakini Dadabhai hakulificha mbele ya Wakristo wa Liverpool, nao hawakumfukuza. Walimsikiliza mpaka mwisho. Mwanachuoni mkubwa Max Müller wa Oxford alizichukua hotuba hizo kuwa msingi wa insha yake juu ya Waparsi.

Mwaka huo huo wa 1861 Waparsi wachache waliokuwa Uingereza waliunda chama chao cha dini, na Dadabhai alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Baadaye alikiongoza kwa miaka mingi. Neno la kwanza lililowasumbua lilikuwa la maiti. Huko Uingereza hakuna minara wala tai. Mtu akifa, afanyiwe nini? Mwaka 1862 wakapata mahali pao katika makaburi makubwa ya Brookwood, karibu na London, wakawazika watu wao ardhini katikati ya makaburi ya Wakristo. Mtu aishiye ugenini hulazimika kujua lililo shina la dini yake na lililo tawi.

Mambo yake ya utawala tutayapita upesi, maana vitabu vingi vimeyaeleza. Mwaka 1866 alishiriki kuanzisha chama cha kuwaeleza Waingereza habari za Bara Hindi; mwaka 1874 alikuwa waziri mkuu wa dola ya Baroda kwa muda mfupi, akaondoka kwa sababu ya fitina za nyumba ya mfalme; mwaka 1885 alikuwa mmoja wa walioanzisha mkutano mkuu wa taifa, uitwao Congress, akauongoza mara tatu, mwaka 1886, 1893 na 1906. Kazi yake kubwa ilikuwa hesabu. Alihesabu mapato ya Bara Hindi kwa takwimu za serikali yenyewe, za miaka ya karibu na 1870, akaona ya kuwa yakigawanywa, kila mtu hupata kama rupia 20 kwa mwaka. Kisha akahesabu gharama ya chakula na nguo za wafungwa gerezani, akaonyesha kwamba mfungwa alitumiwa zaidi ya hizo. Sababu yake, alisema, ni kwamba kodi ya maskini hutoka nchini kulipa mishahara, malipo ya uzeeni na gharama nyingine huko Uingereza, wala hairudi. Hesabu hizo alizikusanya katika kitabu kikubwa mwaka 1901. Alijua kukosoa bila kutukana: aliwaambia Waingereza ya kuwa utawala wa namna hii haupatani na Uingereza waliyomfundisha shuleni.

Mwaka 1886 aliomba kura huko Holborn, London, akashindwa. Mwaka 1888 Waziri Mkuu, Lord Salisbury, akisema hadharani huko Edinburgh juu ya kushindwa huko, alisema hadhani kama Waingereza wamefika mahali pa kumchagua mtu mweusi. Neno hilo lilisikika katika nchi yote, na wengi waliokuwa hawajamjua Dadabhai walimjua siku hiyo, wakamhurumia. Rafiki zake wakamshauri aache kofia yake ya Kiparsi na kuvaa ya Kiingereza ili wapiga kura wasiishangae, akakubali. Kofia ni kofia. Mwaka 1892 aliomba tena, mahali paitwapo Central Finsbury, akashinda kwa kura tano. Zikahesabiwa tena, zikawa tatu. Waliomchagua walikuwa Wakristo karibu wote, mafundi na wenye maduka madogo.

Ikaja siku ya kiapo Bungeni. Biblia iliwekwa tayari kwa wabunge, kama ilivyokuwa desturi. Dadabhai hakuishika. Si kwamba aliidharau. Bali kiapo ni neno la mtu mbele ya Mungu wake, na akiapa kwa kitabu asichokisadiki, kiapo chake kingekuwa na uongo ndani yake tangu mwanzo, naye ni mtu wa dini inayohesabu uongo kuwa upande wa adui. Akaapa kwa Khordeh Avesta, kitabu kidogo cha sala za kila siku za Waparsi. Bunge likamkubali. Tunawaza ya kuwa kama wale wazee wa mwaka 1845 wangaliishi na kusimama mle ndani, wangaliona aibu kidogo na furaha nyingi. Kijana waliyemkatalia nauli alikuwa amekaa kati ya Wakristo miaka mingi, na alichokuwa nacho mkononi kilikuwa kitabu chao.

Mwaka 1893, mwaka uliofuata, alivuka bahari kwenda Lahore kuuongoza mkutano wa Congress. Mji ule ulikuwa wa Waislamu, Wahindu na Masingasinga. Aliwaambia ya kuwa mtu akiwa Mhindu, Mwislamu, Mparsi, Mkristo au wa dini yo yote, juu ya yote ni mtu wa Bara Hindi. Wengi wamelishika neno hili kana kwamba lilimaanisha dini si kitu. Hatudhani alikusudia hivyo, maana mwenyewe hakuiacha yake hata siku moja.

Tusidhani pia ya kuwa Waparsi wote walikwenda naye. Mwaka 1895 alishindwa katika uchaguzi, na katika uchaguzi ule ule Mparsi mwingine, Mancherjee Bhownaggree, aliingia Bungeni kwa chama cha Salisbury, akaupinga mkutano wa Congress kwa nguvu zote. Waparsi matajiri wengi wa Bombay walimpenda huyu zaidi. Dadabhai aliwahi kuwa na wafuasi wengi nje ya watu wake kuliko ndani.

Mwaka 1906, akiwa na miaka 81, alikwenda Calcutta kuuongoza mkutano mara ya tatu, na pale akataka wazi watu wa Bara Hindi wajitawale wenyewe. Sauti yake ilikuwa imechoka, basi hotuba yake ilisomwa na Gopal Krishna Gokhale, Mhindu. Na karani wake katika safari ile alikuwa mwanasheria Mwislamu, Muhammad Ali Jinnah, ambaye mwaka 1947 alikuwa mkuu wa kwanza wa dola ya Pakistan. Mhindu asoma, Mwislamu ashika karatasi, na Mparsi mzee amekaa kitini. Yaliyotokea kati ya Wahindu na Waislamu miaka 41 baadaye wasomaji wetu wanayajua.

Mwaka 1907 alirudi kwao kabisa, akakaa Versova, karibu na bahari. Akafa Bombay tarehe 30 Juni 1917, mwenye miaka 91. Maelfu ya watu wa dini zote walifuata jeneza lake kupanda kilima cha Malabar, iliko ile minara. Kwa sheria ya Waparsi mtu wa dini nyingine haingii mle. Kwa hiyo Wahindu, Waislamu na Wakristo walisimama nje. Makuhani walisema sala zao katika lugha ya kale, na Sir Narayan Chandavarkar, Mhindu aliyekuwa jaji wa mahakama kuu ya Bombay, akasimama akasema mbele ya watu wote ya kuwa katika maisha ya mzee huyu dini ya Zarathustra ilikuwa imepata mwili. Kisha wachukuzi wa Kiparsi, waliovaa nguo nyeupe, wakamwingiza, na mlango ukafungwa.